Kuchagua mfumo mwepesi wa sheria kwa kundi la michezo ya fantasia: Cairn, Shadowdark, Dungeon World na Dragonbane

Kundi linalocheza michezo ya kuigiza ya mezani kwa kutumia sheria za Dungeons & Dragons (D&D) mara nyingi hufika mahali ambapo pambano moja linakula jioni nzima, na hapo mtu mmoja huanza kuuliza kama hakuna mfumo mwepesi zaidi. Ipo mingi, tena mizuri. Ugumu ni kwamba mifumo hiyo haikupunguza mzigo wa namna moja: kila mmoja umeondoa kitu fulani kitabuni na kumkabidhi mtu fulani mezani, ama msimamizi (anayeendesha hadithi na kuwachezea maadui), ama mchezaji, au umekiachia bahati ya dadu. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu kurasa, kundi linalotaka kuhama linapaswa kujua ni kazi ipi hasa inayolichosha, na ni nani aliye tayari kuibeba kazi hiyo ikishatoka kwenye sheria.

Toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2024, lina msingi rahisi: unarusha dadu ya pande 20, unaongeza namba ya uwezo wako, kisha unalinganisha jumla na namba uliyowekewa. Uzito wake unatokana na mambo yanayorundikwa juu ya msingi huo. Kitabu cha wachezaji cha 2014 kina kurasa 320, aina 12 za wahusika na matamko ya uchawi zaidi ya 300, kila moja likiwa na masharti yake. Tena kila zamu ina tendo, tendo la nyongeza, mwendo, na nafasi ya kujibu wakati wa zamu ya mwingine. Malalamiko yanayozaliwa hapo ni ya aina tatu, na ni vyema kutoyachanganya. Wapo wanaochoshwa na zamu ndefu. Wapo wasimamizi wanaochoshwa na maandalizi. Na wapo wanaosikitika kuona wachezaji wakitafuta jibu kwenye karatasi ya mhusika, yaani orodha ya uwezo wake, badala ya kulitafuta katika hali iliyo mbele yao. Mfumo unaoponya lalamiko la kwanza unaweza usiliguse la tatu kabisa.

Mifumo minne ninayoilinganisha hapa imechaguliwa kwa sababu kila mmoja unapunguza mzigo kwa njia yake. Cairn ya Yochai Gal ilitoka mwaka 2020, ikapata toleo la pili mwaka 2024, na imejengwa juu ya Into the Odd ya Chris McDowall pamoja na Knave ya Ben Milton. Shadowdark ya Kelsey Dionne ilitoka mwaka 2023. Dungeon World ya Sage LaTorra na Adam Koebel ni ya mwaka 2012, na inafuata njia iliyofunguliwa na Apocalypse World mwaka 2010. Dragonbane, iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 2023 na Free League ya Sweden, ni mrithi wa Drakar och Demoner, mchezo wa Kiswidi wa mwaka 1982.

Unene wa vitabu usimdanganye mtu. Dungeon World ina takribani kurasa 400, na Shadowdark inazidi 300, ijapokuwa kurasa zake ni ndogo. Lakini sehemu kubwa ni mazimwi, majedwali na uchawi, na sheria ambazo mchezaji anahitaji kuzijua anapoketi mezani zinaenea katika kurasa chache. Cairn ya kwanza ndiyo pekee inayoonekana nyepesi hata ikiwa imefungwa, kwani yote ni kijitabu chembamba.

Tukio moja, mifumo minne

Njia ya haki ya kuilinganisha ni kuipa yote tukio moja. Mpiganaji mwenye upanga anakutana usiku na zimwi mdogo mwenye mkuki katikati ya daraja la mbao, na hakuna anayetaka kumpisha mwenzake.

Katika Cairn hakuna kurusha dadu ili kujua kama pigo limefika. Kila pigo hufika. Mchezaji anarusha dadu ya pande 8 ya upanga, na tuseme anapata 7. Zimwi ana kinga ya uhai 4 (pointi zinazokatwa kabla mwili wenyewe haujaumia) na nguvu 8, wala hana deraya. Pointi 4 za mwanzo zinamaliza kinga yake, na 3 zinazobaki zinaikata nguvu yake hadi 5. Hapo hapo zimwi lazima arushe dadu ya pande 20 na kupata 5 au chini yake. Akishindwa, anaanguka na hawezi tena kupigana. Ana nafasi 1 kati ya 4 ya kufaulu. Pambano limekwisha, au karibu limekwisha, kwa kurusha dadu mara mbili. Ila mhusika naye anaishi chini ya sheria hiyo hiyo, na kinga yake ya kuanzia hutokana na dadu moja ya pande 6. Mchezaji akishaelewa kwamba mkuki wa zimwi nao hautakosa, huanza kutazama kamba zinazoshikilia daraja, au kufikiria kama zimwi huyo ana njaa na anaweza kuhongwa. Sheria zimemsukuma nje ya karatasi bila kumwambia chochote.

Katika Shadowdark mchezaji aliyetoka D&D hatapotea hata kidogo: anarusha dadu ya pande 20, anaongeza nguvu yake, analinganisha na namba ya ulinzi wa adui, kisha anarusha dadu ya madhara. Kilichobadilika ni kinachozunguka pigo hilo. Hakuna tendo la nyongeza, hakuna orodha ya vipawa vya kupitia, na zamu huanza kwa aliyepata namba kubwa kisha huzunguka meza kwa mpangilio wa viti. Juu ya hayo kuna mwenge. Mwenge katika Shadowdark huwaka saa moja ya saa halisi, ile iliyo ukutani au kwenye simu, na mazimwi wa gizani hawauhitaji. Wachezaji wanaobishana dakika kumi kuhusu njia ya kuvuka wametumia dakika kumi za mwanga wao. Sijui sheria nyingine yenye maneno machache kama hii inayobadilisha mwendo wa meza kiasi hiki.

Dungeon World inakwenda upande mwingine kabisa. Hakuna utaratibu wa zamu, na msimamizi hashambulii kwa kurusha dadu. Mchezaji anaeleza anachofanya; maelezo hayo yakiingia katika mojawapo ya matendo yaliyoandikwa, anarusha dadu mbili za pande 6 na kuongeza uwezo wake. Jumla ya 10 au zaidi ni ushindi safi. Kati ya 7 na 9 anampiga zimwi, lakini zimwi naye anamfikia. Ikiwa ni 6 au chini, mambo yanaharibika kwa namna ambayo msimamizi ataichagua: labda ubao wa daraja unavunjika, labda upanga unadondoka mtoni. Kila kushindwa kunampa mchezaji pointi ya uzoefu, jambo linalopunguza uchungu kwa kiasi kikubwa.

Dragonbane inauliza ujuzi wa mhusika. Mwenye upanga wa kiwango cha 14 anahitaji kupata 14 au chini kwenye dadu ya pande 20, yaani asilimia 70. Akipata 1 amepata joka, na jambo linafanikiwa kupita kiasi, na akipata 20 amepata pepo, na jambo linaharibika kupita kiasi. Kila raundi wapiganaji huchukua karata zenye namba 1 hadi 10 ili kujua nani anaanza. Utamu wake uko kwenye kujikinga: anayekwepa au kuzuia pigo anatumia tendo lake la raundi hiyo, kwa hiyo kila shambulio ni swali, je, nijilinde au nisubiri nipige? Na mazimwi wakubwa hawakosi. Msimamizi anarusha dadu kwenye jedwali la mashambulio ya zimwi huyo, na mchezaji ndiye anayeamua kama atakwepa kwa gharama ya zamu yake. Kati ya mifumo hii minne, huu ndio wenye pambano lenye maamuzi mengi, na ndio ulio mzito kuliko wenzake. Bado ni mwepesi mno ukilinganishwa na mfumo ambao kundi linatoka.

Uchawi

Mara nyingi mchezaji wa mchawi ndiye anayechelewesha meza, na ndiye atakayepinga kuhama, kwa hiyo suala lake linastahili kuangaliwa kwa makini.

Cairn inafanya uchawi kuwa mzigo wa begani. Kila mhusika ana nafasi 10 za kubebea vitu. Kitabu kimoja cha uchawi kinashika nafasi moja na kina tamko moja. Yeyote anaweza kukisoma, na akikisoma anapata uchovu unaoshika nafasi nyingine moja hadi apumzike vizuri. Anayejaza nafasi zote 10 kinga yake inashuka hadi 0. Kwa hiyo mchawi mwenye pupa hujikuta hana pa kuweka hazina aliyoifuata, tena akiwa uchi mbele ya mikuki. Hesabu yote inaonekana kwenye karatasi kama safu ya visanduku, na hakuna ngazi za matamko za kukumbuka. Anayependa kuwa mchawi tangu kuzaliwa, mwenye elimu ambayo wenzake hawana, huona hili ni kunyang'anywa hadhi, na sidhani kama anakosea.

Shadowdark inamwachia mchawi fani yake lakini inaweka dadu katikati. Kutamka uchawi wa daraja la kwanza kunahitaji 11. Mwenye nyongeza ya 2 anahitaji 9 au zaidi kwenye dadu, yaani asilimia 60. Akifaulu, tamko linabaki na anaweza kulitumia tena na tena siku hiyo. Akishindwa, limepotea mpaka apumzike, na akipata 1 kamili, uchawi unaweza kumgeukia. Hakuna cha kuhesabu, na kila tamko lina msisimko wake, ila anayependa kupanga siku yake ya kichawi mapema atalia siku ambayo matamko matatu yatamkimbia mfululizo.

Dragonbane inatumia pointi za utashi ambazo hupungua kadiri uchawi unavyokuzwa, na matamko yake ni machache ya kutosha kukumbukwa. Dungeon World ina mchawi anayefanana sana na yule wa zamani wa D&D, mwenye kuandaa matamko, isipokuwa matokeo ya 7 hadi 9 humlazimisha kuchagua hasara: kulisahau tamko, kujiingiza hatarini, au kudhoofisha uchawi wake unaofuata.

Nani anabeba kilichoondolewa

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kwa muda, kwa sababu makundi mengi huchagua kwa macho ya wachezaji na kumsahau anayeendesha.

Chukua Dungeon World. Mhusika asiye na nyongeza yoyote hupata 7 hadi 9 katika takribani asilimia 42 ya marusho yake. Mwenye nyongeza ya 1, asilimia 44. Mwenye nyongeza ya 2, tena asilimia 42. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya marusho yote humalizika kwa matokeo ya katikati, na mengi kati ya hayo humdai msimamizi abuni papo hapo gharama inayoendana na hadithi, isiyo ya kurudiarudia wala ya kuonea. Ukiongeza marusho yaliyoshindwa, anabuni kwa sehemu kubwa ya jioni. Kitabu kinamsaidia kwa orodha ya hatua anazoweza kuchukua na kanuni zilizoandikwa vizuri sana, na kwa mtu mwenye ulimi mwepesi na akili ya kuunganisha mambo, hakuna mfumo unaompunguzia maandalizi kiasi hicho. Lakini msimamizi anayependa kuchora ramani mapema, kujua kilicho nyuma ya kila mlango, na kuamua kwa utulivu, atamaliza jioni amechoka kuliko alivyochoka na D&D. Mfumo mwepesi kwa wachezaji watano unaweza kuwa mzito kwa mtu mmoja, na mtu huyo akikata tamaa, kundi zima limekwisha.

Cairn inamdai msimamizi kitu kingine, nacho ni uwazi. Kwa kuwa dadu hurushwa pale tu penye hatari, na kwa kuwa mapigo hayakosi, wachezaji wanaishi kwa habari wanazopewa. Msimamizi anayeficha mtego kisha kusema "umekufa" anaendesha Cairn vibaya. Anayeeleza kwamba mawe ya sakafu yana rangi mbili na kuna harufu ya mafuta anaiendesha ipasavyo. Hakuna orodha ya ujuzi kama kunusa mitego au kushawishi watu, kwa hiyo mchezaji lazima aseme anagusa nini na kwa nini. Wengine huona hapo ndipo mchezo unapoanza. Wengine, hasa waliozoea kwamba mhusika wao ni mwerevu hata wao wenyewe wakiwa wamechoka na kazi za mchana, huona wamevuliwa nguo.

Shadowdark haina madai makubwa, na hiyo ndiyo nguvu yake kwa kundi lenye watu wa tabia mbalimbali. Mzunguko wa zamu kwa mpangilio wa viti unamhakikishia mchezaji mkimya kwamba zamu yake itafika, tofauti na Dungeon World ambako mwenye sauti kubwa anaweza kutawala bila msimamizi kugundua. Dragonbane nayo inambebea msimamizi mengi: majedwali ya mashambulio yanamwondolea kazi ya kufikiria zimwi afanye nini kila raundi, na sanduku lake lina kitabu cha matukio kilichokamilika ambacho kinaweza kulisha kundi kwa muda mrefu.

Kukua, kufa, na hadithi ndefu

Kundi linalopenda kuona namba zikipanda lisiende Cairn kwa haraka. Hakuna ngazi, yaani madaraja ya nguvu ambayo mhusika huyapanda kadiri anavyocheza. Mhusika hubadilika kwa vitu anavyopata na kwa makovu: pigo likiifikisha kinga yake 0 kamili, anasoma jedwali la makovu, na baadhi yake humwachia kinga kubwa zaidi kuliko aliyokuwa nayo. Ni wazo zuri ajabu, linalofanya mwili wa mhusika kuwa daftari la safari yake, lakini haliwezi kuchukua nafasi ya furaha ya mtu anayesubiri ngazi ya 5.

Shadowdark ina ngazi 10, na vipawa vingi hutokana na dadu, hivyo mchezaji hawezi kumpanga mhusika wake miezi kabla. Dungeon World pia ina ngazi 10, ambapo kila hatua ni tendo jipya unalolichagua. Dragonbane haina ngazi; ujuzi uliotumika vizuri au vibaya sana unawekewa alama, na mwisho wa kikao mchezaji anarusha dadu akitafuta namba iliyo juu ya ujuzi wake wa sasa ili aupandishe. Asiyejua hujifunza haraka, anayejua hujifunza polepole. Kwa hadithi ya mwaka mzima, huo ndio ukuaji ninaouamini zaidi, kwa sababu uhai wa mhusika haupandi sana na zimwi wa siku ya kwanza hubaki tishio hadi mwisho.

Kuhusu kifo, Cairn na Shadowdark huua upesi, Dragonbane huua mara kwa mara, na Dungeon World huua pale hadithi inapokuwa imefika huko. Jambo hili lisemwe mezani kabla ya kuanza.

Basi uamuzi wangu ni huu. Lalamiko likiwa zamu ndefu, na wachezaji bado wanapenda umbo la D&D, chukueni Shadowdark. Lalamiko likiwa kwamba watu wanacheza karatasi badala ya hali, chukueni Cairn, na msimamizi ajizoeze kueleza. Dungeon World ningeipendekeza kwa kundi ambalo msimamizi mwenyewe ameiomba, na si vinginevyo. Dragonbane ni kwa wanaopenda mapigano lakini hawataki yawe mitihani. Kwa kundi nisilolijua, lenye msimamizi mmoja aliyechoka na wachezaji wasio na hakika wanataka nini, Dragonbane ndiyo ningeiweka mezani kwanza. Wenye rafu iliyojaa vitabu vya matukio ya zamani wanaweza pia kutazama Old-School Essentials ya Gavin Norman, inayopanga upya kwa unadhifu sheria za D&D za mwaka 1981, au Knave ya kwanza, ambayo ina kurasa 7 tu.

Limebaki suala la wahusika waliokwisha kupendwa. Kuwahamishia Shadowdark ni rahisi, kwani uwezo ni ule ule sita na nyongeza zake zinahesabiwa vile vile. Kinachobadilika ni uhai, ambao utashuka, na vipawa, ambavyo vitapungua. Katika Dungeon World majina ya fani nyingi (aina za wahusika) yapo, lakini mchezaji aanze karatasi mpya na kuchagua matendo yanayomfanana mhusika. Katika Cairn, kipawa kikuu cha kila mmoja kinaweza kugeuzwa kuwa kitu kimoja cha kubebwa, chenye nafasi yake kati ya zile 10. Dragonbane inataka mhusika aandikwe upya kuanzia ujuzi wake. Kwa vyovyote, jaribuni kwanza kwa wahusika wageni katika tukio fupi, ili anayekufa kwa sababu watu hawajazoea sheria asiwe yule mliyetembea naye muda mrefu. Gharama haizuii jaribio hilo: Cairn yote inapatikana bure kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu hata kuiandika upya kwa lugha yenu, maandishi ya Dungeon World nayo yako chini ya leseni ya aina hiyo, na Shadowdark na Dragonbane kila moja ina toleo fupi la kuanzia lisilolipiwa.